Keith Holman, mchezaji mbishi aliyekabidhiwa kipenga

SEPTEMBA 18, 1971, zaidi ya watu 60,000 walijaa Sydney Cricket Ground, nchini Australia, kutazama fainali kuu ya ligi ya raga kati ya South Sydney na St George. Kocha wa South Sydney alikuwa Clive Churchill. Kocha wa St George alikuwa Jack Gibson. Katikati yao, kipenga mkononi, alisimama Keith Holman, ambaye miaka kumi tu nyuma alikuwa bado anavaa jezi na kuchezea jino kwa jino katika ligi hiyohiyo.

Churchill aliwahi kuwa nahodha wake katika timu ya taifa. Gibson aliwahi kuichezea Western Suburbs, klabu iliyomlea Holman na ambayo jina lake halikuweza kutenganishwa nayo. Kwa maneno mengine, mwamuzi wa siku hiyo alikuwa na historia na mabenchi yote mawili. Na huo haukuwa mji uliozoea kuwaamini waamuzi wake kwa macho yaliyofumbwa. Uzito wa kipenga kile hauonekani mpaka mtu arudi nyuma kidogo, kwenye mchezo wenyewe na kwenye njia aliyopita Holman hadi kufika pale.

Raga inayojulikana zaidi Nairobi na Kampala ni ile ya wachezaji 15, au ile ya wachezaji saba ambayo Kenya imejipatia jina duniani. Aliyoicheza Holman ni ndugu yake mwingine, ya wachezaji 13, na ndugu hao walitengana kwa sababu ya fedha. Mwaka 1895, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilikutana katika hoteli moja mjini Huddersfield na kujitoa katika chama kikuu cha raga. Wachezaji wao wengi walikuwa wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda. Mtu akikosa kazi Jumamosi ili acheze, alikatwa ujira, na chama kilikataa asifidiwe hata senti. Mabwana wa kusini waliokuwa na mali waliona kulipwa ni aibu. Wachimba makaa waliona aibu ni kurudi nyumbani mikono mitupu. Yeyote aliyewahi kufunga kibanda chake siku nzima kwa ajili ya shughuli ya watu wengine hahitaji kufafanuliwa ugomvi ule.

Mgawanyiko huo ulivuka bahari. Mwaka 1908 ligi ya kulipwa ilianza Sydney, na miongoni mwa klabu waanzilishi ilikuwamo Western Suburbs, klabu ya vitongoji vya magharibi mwa jiji ambayo mashabiki wake huiita Wests kwa kifupi. Neno kulipwa lisimdanganye msomaji. Hata katika enzi za Holman, miaka ya 1950, mchezaji wa Sydney hakuwa tajiri. Wengi walikuwa na kazi zao za siku, mazoezi yalikuwa jioni, na malipo ya mechi yalikuwa nyongeza ya kusukumia maisha.

Holman, aliyezaliwa mwaka 1925, alijiunga na Wests mwishoni mwa miaka ya 1940 na hakuihama klabu hiyo hadi alipotundika viatu mwaka 1961, akiwa ameichezea zaidi ya mechi 200. Hakuwa na mwili mkubwa. Nafasi yake ilikuwa ya hafubeki, mtu anayecheza nyuma ya msukumano wa washambuliaji, ule unaoitwa skramu, ambako majitu sita ya kila upande hujifunga mikono na kusukumana vichwa vikiwa chini. Kazi ya hafubeki ni kuuingiza mpira katikati ya msukumano huo, kuuzunguka haraka, kuupokea unapotokea nyuma na kuamua ndani ya nusu sekunde uende kwa nani. Ni nafasi ya mtu mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa akili.

Ni nafasi pia yenye hila nyingi. Sheria ya wakati huo ilisema mpira uingizwe sawasawa katikati, pande zote mbili zipate nafasi moja ya kuugombea kwa miguu. Hafubeki alitamani uinamie upande wake, hata kwa upana wa kiganja. Mwamuzi alisimama hapohapo, hatua mbili tatu, akitazama mikono yake. Kwa hiyo hapakuwa na mchezaji aliyekaa karibu na mwamuzi kuliko hafubeki, wala aliyebishana naye mara nyingi zaidi. Ni kama muuza nafaka na mpima mizani: kila siku wako pamoja, na kila siku kila mmoja anatazama vidole vya mwenzake.

Holman aliifanya kazi hiyo kwa sauti. Uwanjani hakunyamaza. Aliwaelekeza wenzake, akawachokoza wapinzani, akampa mwamuzi maoni ambayo mwamuzi hakuyaomba. Wakampa jina la utani, Yappy, jina linalomfaa mbwa mdogo asiyeacha kubweka. Lakini nyuma ya kelele hizo kulikuwa na mkabaji hodari, aliyewaangusha watu waliomzidi uzito kwa mbali, na wapinzani hawakumdharau kwa udogo wake.

Mwaka 1950 jina lake lilivuka mipaka ya Sydney. Uingereza ilikuja Australia kwa mfululizo wa mechi tatu za kimataifa kuwania taji la Ashes, ambalo Australia haikulishika tangu 1920. Kizazi kizima kilikua kikisimuliwa tu. Mechi ya tatu, ya kuamua, ilichezwa Sydney Julai katika tope zito kiasi kwamba jezi za pande mbili zilikuwa karibu rangi moja. Holman alikuwa hafubeki, na pembeni yake alikuwapo Frank Stanmore, mwenzake wa Wests. Matokeo yakiwa 2-2, mpira ulitembea mkono kwa mkono hadi kwa Ron Roberts, winga, aliyechomoka na kuuweka chini kwenye kona. Wakati huo bao la namna hiyo, yaani trai, lilikuwa la pointi tatu. Australia 5, Uingereza 2. Watu waliingia uwanjani na kuwabeba wachezaji mabegani, na miaka 30 ya kusubiri ikaishia hapo.

Tangu siku hiyo hadi 1958 Holman alikuwa chaguo la kwanza la taifa mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote katika nafasi yake, na akazidi mechi 30 akiwa na jezi ya Australia. Alisafiri Uingereza na Ufaransa na ziara kubwa ya mwaka 1952, chini ya nahodha Churchill, kisha tena 1956. Ziara hizo zilichukua miezi. Na ziara ya 1952 ndiyo iliyomnyima kitu ambacho hakukipata tena.

Mwaka huo Wests ilifika fainali kuu dhidi ya South Sydney. Holman hakuwapo. Alikuwa tayari ameondoka na timu ya taifa, kama ilivyokuwa kwa Churchill wa South Sydney na nyota wengine wa klabu zote mbili. Wests ilishinda 22-12. Ndiyo taji pekee ambalo klabu hiyo ilitwaa katika miaka yote ya Holman, na lilitwaliwa akiwa upande wa pili wa dunia.

Ushindi wenyewe haukupita bila maneno. Mwamuzi wa fainali hiyo alikuwa George Bishop, mchezaji wa zamani wa Balmain aliyegeukia kipenga, njia ileile ambayo Holman angeifuata baadaye. South Sydney walilalamikia maamuzi yake kwa uchungu, na ukaenea uvumi kwamba mwamuzi alikuwa ameweka dau kwa Wests. Haukuthibitishwa. Lakini katika mji ambao kila baa ilikuwa na mtu wake wa kupokea kamari, uvumi wa namna hiyo haukuhitaji ushahidi ili uishi. Mashabiki wa Wests waliucheka. Waliufaidi ushindi na hawakuona sababu ya kuchimba.

Mashaka ya kamari hayakuwa mzigo pekee wa waamuzi wa kizazi hicho. Julai 1954, timu ya jimbo la New South Wales ilikutana na Uingereza katika uwanja uleule wa Sydney, na mchezo ukageuka ngumi. Watu hawakuwa tena wanatafuta mpira. Mwamuzi, Aub Oxford, alijaribu kuwatuliza, akashindwa, na katikati ya kipindi cha pili akatoka uwanjani na kuuvunja mchezo. Mechi kubwa kuachwa njiani kwa sababu mwamuzi amechoka na wachezaji ilikuwa fedheha ya wote, na vijana waliokuwa wakiota ndoto za kupuliza kipenga walipata jambo la kufikiria. Siku hizo alikuwa peke yake katikati, na wasaidizi wawili tu wa pembeni. Hapakuwa na picha za marudio wala sauti ya mtu kutoka chumba cha video. Alichokiona ndicho kilichotokea.

Holman alistaafu 1961. Wests ilikuwa imeingia fainali kuu 1958 ikafungwa na St George, ikaingia tena 1961 ikafungwa na St George, safari hii 22-0. Ikumbukwe kwamba St George ilitwaa ubingwa miaka 11 mfululizo, kuanzia 1956 hadi 1966, jambo ambalo hakuna klabu nyingine ya ligi hiyo imewahi kulikaribia. Wests ndio walioumia zaidi, kwa sababu walikuwa wazuri kiasi cha kufika mlangoni lakini si kiasi cha kuingia. Mwaka 1962 walifungwa 9-6.

Kisha ikaja 1963. Fainali kuu ilikuwa tena Wests na St George, tena katika tope, mbele ya watu karibu 70,000. Mwamuzi alikuwa Darcy Lawler, aliyehesabiwa kuwa bora wa wakati wake. St George walishinda 8-3, na trai iliyowaua Wests ilifungwa na winga Johnny King, ambaye wachezaji wa Wests walishikilia kwamba alikuwa tayari amekabwa kabla ya kuinuka na kukimbia. Wachezaji kadhaa wa Wests walikuja kusimulia baadaye kwamba kabla ya mchezo zilifika chumbani kwao habari kuwa mwamuzi ana fedha kwa St George, na kwamba aliyezileta ni mwenzao aliyejua sana mambo ya kamari: Jack Gibson. Hilo nalo halikuthibitishwa, na Lawler hakutiwa hatiani na yeyote. Hata hivyo, hadi leo ukikutana na shabiki mzee wa Wests utasikia habari za 1963 kabla hujaagiza chai. Habari za 1952 itabidi uzitafute mwenyewe.

Kutoka fainali hiyo ilizaliwa picha maarufu kuliko zote katika mchezo huo: manahodha wawili, Norm Provan mrefu na Arthur Summons mfupi, wamekumbatiana wakiwa wamefunikwa tope. Sanamu yake ndiyo kombe linaloshindaniwa sasa. Inasemwa kuwa ni picha ya urafiki, na huenda ni kweli, lakini Summons alikuwa nahodha wa waliofungwa na hakuwa mtu mwenye furaha dakika ile.

Hiyo ndiyo hali aliyoingia nayo Holman katika kazi mpya. Mtu wa Wests, klabu iliyokuwa imejaa kinyongo dhidi ya waamuzi kuliko zote, aliamua kuwa mwamuzi. Na haikuwa njia ya mkato. Jina kubwa halimpeleki mtu moja kwa moja katikati ya fainali. Mwamuzi huanzia chini, kwenye mechi za vijana na madaraja ya akiba, mbele ya watu wachache wenye midomo mikubwa, na hupandishwa kwa jinsi anavyofanya kazi wiki hadi wiki. Wachezaji wengi mashuhuri wa kizazi chake walikwenda kwenye ukocha, kama Churchill, au kwenye biashara, au kwenye meza za magazeti na redio. Huko sifa za zamani zinalipa. Kwenye kipenga sifa za zamani ni deni, maana kila uamuzi una upande mmoja unaokumbuka ulivaa jezi gani.

Ndani ya miaka ya 1960 alipanda hadi daraja la kwanza. Mtu ambaye waamuzi walikuwa wakimwomba anyamaze, sasa alilazimika kusikiliza mahafubeki vijana wakimweleza sheria. Faida yake ilikuwa dhahiri. Alizijua hila za skramu kwa sababu alikuwa ameishi ndani yake miaka zaidi ya kumi, na alijua mtu anayelala juu ya mpira kwa uchovu na anayelala kwa ujanja. Mzoefu wa njia za panya akipewa sare ya mlinzi wa mpaka, wenzake wa jana ndio wa kwanza kuwa na wasiwasi.

Mchezo wenyewe ulikuwa ukibadilika mikononi mwake. Alipokuwa mchezaji, timu yenye mpira iliweza kuushikilia hata robo saa nzima. Mtu akikabwa aliinuka, akauburuta nyuma kwa mguu, na safari ikaendelea bila kikomo. Mwaka 1967 ikawekwa sheria ya kukabwa mara nne tu, kisha kunyang'anyana. Mwaka 1971 idadi hiyo ikaongezwa kuwa sita, ambayo inatumika hadi leo. Mwaka huohuo ligi ya Sydney ilipunguza thamani ya goli la kupiga mpira ukiwa katika mchezo, kutoka pointi mbili hadi moja, kwa sababu watu kama Eric Simms wa South Sydney walikuwa wanayafunga kwa urahisi wa kuchosha watazamaji. Mwamuzi wa 1971 alikuwa na sheria mpya za kuhesabu kichwani, huku akikimbia.

Ndiyo Septemba ile. Churchill upande mmoja, nahodha wake wa Uingereza 1952. Gibson upande wa pili, yule wa habari za chumbani 1963. Kama palikuwa na mtu Sydney aliyejua nini kinasemwa juu ya waamuzi wa fainali kuu, na nani husema, alikuwa Holman.

Kipindi cha kwanza kiliisha 1-0, goli moja la Simms, la thamani mpya. Fainali nzima ya nusu saa na zaidi, na kilichopatikana ni pointi ile ambayo wakubwa wa ligi walikuwa wameipunguza ili isitawale mchezo. Baada ya mapumziko South Sydney walifunguka wakafika 11-0, na baadhi ya watu huenda walikuwa wameanza kutafuta njia ya kutokea. St George wakarudi. Trai, goli, trai, goli: 11-10. Hapo ndipo mwamuzi anapojulikana. Pengo la pointi moja, miguu imechoka, kila mtu anamwomba adhabu, na adhabu moja mbele ya milingoti ni pointi mbili na ubingwa. Bob McCarthy alimaliza ubishi kwa trai, ikaongezewa goli, South Sydney 16, St George 10.

Kilichozungumzwa baada ya hapo ni St George kurudi kutoka 11-0, ni McCarthy, ni Simms na pointi yake moja. Katika fainali iliyokuwa na kila kitu cha kuzalisha uvumi mwingine wa aina ya 1952 na 1963, jina la mwamuzi limebaki kwenye karatasi ya takwimu tu, chini, panapostahili. South Sydney hawakujua kwamba wangesubiri hadi 2014 kutwaa ubingwa tena. Mchezaji bora wa fainali kuu hupewa sasa medali yenye jina la Clive Churchill.

Holman hakudumu na kipenga muda mrefu baada ya hapo. Alipewa nishani ya MBE kwa mchango wake katika mchezo, akachaguliwa hafubeki wa kikosi cha karne cha Wests, na mwaka 2008, raga hiyo ilipotimiza miaka 100 nchini Australia, jina lake lilikuwamo katika orodha ya wachezaji 100 bora wa nyakati zote. Orodha hiyo ilihesabu aliyoyafanya na mpira. Aliyoyafanya na kipenga hayakuwa na orodha.

Alifariki dunia Oktoba 2011. Wakati huo Western Suburbs haikuwa tena klabu ya peke yake katika ligi kuu. Fedha zilikuwa zimepungua, ligi ilitaka timu chache, na mwishoni mwa 1999 iliungana na jirani yake kuwa timu moja, Wests Tigers. Jirani huyo alikuwa Balmain, klabu ya George Bishop. Na katika vitabu vya Wests yenyewe, taji la mwisho lililoandikwa bado ni lile la 1952.